Kipimo cha Boriti: Mikoko ya Rufiji na Chumba cha Kusomea

Aingiaye katika nyumba ya kale ya mawe, iwe Unguja, Lamu au katika magofu ya Kilwa, huona jambo moja hata kabla ya kutazama nakshi za mlango na zidaka za ukutani: chumba ni kirefu, lakini ni chembamba. Upana wake ni kiasi cha mita 2.5, mara chache hufika 3, hata pale ambapo mwenye nyumba alikuwa na mali ya kujenga ghorofa tatu. Sababu ya wembamba huo si ubahili, wala si faragha peke yake. Sababu ni mti. Dari ya nyumba hiyo hubebwa na boriti za mkoko, nazo boriti zikitwikwa mawe ya matumbawe na chokaa haziwezi kuvuka salama upana uliozidi hapo. Fundi wa zamani hakukinung'unikia kipimo hicho, kama vile mshairi asivyoinung'unikia mizani 16 ya mshororo wake. Alijenga ndani yake.

Lamu ilikuwa na mikoko yake. Lakini ghala kubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki lilikuwa, na hadi leo ni, delta ya Rufiji: kiasi cha hekta 53,000 za msitu unaosimama ndani ya maji ya chumvi na maji baridi, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mto unapokaribia bahari, ukikitazama kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika midomo mingi, na baina ya midomo hiyo vimekaa vijiji vya Salale, Kiongoroni, Mbwera, Msala na vinginevyo ambavyo njia yake kuu ni ngalawa na mashua. Tangu Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, sehemu kubwa ya delta imo katika wilaya hiyo.

Wakataji na wafanyabiashara walikuwa na majina yao ya kuipanga miti kwa unene: nguzo, boriti, mazio, pau na fito. Kila jina lina kazi yake katika nyumba, na kila mmoja alijua nani atalihitaji. Biashara yenyewe ni ya kale mno. Katika karne ya 10 mwandishi al-Istakhri alieleza kuwa nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Miaka elfu baadaye biashara ilikuwa bado hai. Mwanzoni mwa 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, aliingia Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, lililokuja na kaskazi kutafuta shehena ya kurudi nayo kwa kusi. Katika kitabu chake kilichotoka 1940 aliiita sehemu hiyo ya safari delta ya dhiki: matope, mbu, homa, na mabaharia wakibeba miti siku baada ya siku mpaka jahazi likajaa.

Miti hiyo ilikwenda wapi? Katika miji ya Ghuba iliitwa chandal, na huko pia ndiyo iliyopanga upana wa vyumba. Ilitumika katika dari, na ilitumika pia katika minara ya upepo ya Dubai, ile inayoukamata upepo juu ya paa na kuuteremsha chumbani; ncha za miti bado zinaonekana zikitokeza kwenye kuta za minara iliyohifadhiwa. Watu wa delta, wakiwa wamezama magotini katika tope, walikuwa wakiwapoza watu ambao hawakuwaona kamwe.

Inafaa kusimama hapa na kueleza jinsi nyumba ile ilivyofanya kazi, kwa sababu mengi husemwa juu yake kwa mapenzi kuliko kwa ukweli. Ukuta mnene wa matumbawe hupokea joto la jua polepole, kiasi kwamba mchana ukimalizika joto bado halijafika upande wa ndani. Chumba chembamba kina faida nyingine: upepo unaoingia dirisha la upande mmoja una safari fupi mpaka upande wa pili, basi haufi katikati. Kiwanja cha ndani kisicho na paa huvuta hewa ya moto juu. Hayo yote ni kweli. Lakini ukuta ulionywa joto mchana kutwa lazima ulitoe, na hulitoa usiku. Pwani hii si jangwa. Usiku wa Februari haushuki sana chini ya nyuzijoto 25, na unyevunyevu hauondoki. Vyumba vya ndani kabisa, visivyo na dirisha, vilikuwa na giza na hewa nzito. Wengi walipanda juu ya nyumba kulala. Tena nyumba hizo zilikuwa za wachache, na nyingi za zile za karne ya 19 zilijengwa kwa kazi ya watumwa. Anayezisifu bila kuyataja hayo anaisifu nusu ya nyumba.

Kuhusu elimu, kusoma hakukufanyika sana ndani ya vyumba hivyo. Watoto walisomeshwa Qurani barazani, chini ya kivuli cha paa la makuti au kwenye ukumbi wa msikiti, mahali ambapo upande mmoja angalau uko wazi. Mwalimu wa chuo hakuwa na kitabu cha elimu ya hewa, lakini aliwaweka wanafunzi wake pale upepo unapopita. Makuti yana aibu zake: huvuja, huliwa na wadudu, huwaka moto kwa cheche moja, na hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini hayashiki joto, na mvua ikinyesha juu yake sauti ya msomaji bado husikika.

Wenyewe wa Rufiji walikuwa na jawabu lao, nalo halitajwi katika vitabu vya usanifu kama inavyostahili. Ni dungu. Mkulima wa mpunga katika bonde aliishi msimu mzima juu ya nguzo, sakafu yake ikiwa ya miti iliyopangwa kwa nafasi, paa la nyasi au makuti, pande zikiwa nusu wazi. Dungu lilijengwa kwa ajili ya mafuriko, nguruwe na ndege waharibifu. Lakini kwa kuwa limeinuliwa kutoka ardhini, upepo hulipita juu, chini na katikati, na kwa kuwa ni jepesi halihifadhi joto la mchana wala kulirudisha usiku. Kwa hali ya hewa ya joto lenye unyevu, hilo ni wazo bora kuliko jumba la mawe, na aliyelibuni hakuwa sultani.

Kisha likaja gharika la 1968. Serikali iliwahamisha maelfu ya watu wa bondeni na kuwapandisha kwenye vijiji vya nchi kavu katika Operesheni Rufiji, miongoni mwa hatua za mwanzo kabisa za kuwakusanya watu vijijini nchini Tanzania. Katika vijiji vipya kulikuwa na barabara, zahanati na skuli, mambo ambayo watu walikuwa wakiyataka kwa haki. Lakini majengo yalikuwa ya mfano mwingine: kuta za tofali chini kwa chini, na juu bati.

Bati lilishinda pwani yote kwa sababu zinazoeleweka. Halivuji, haliungui, hubebeka, na lina heshima. Mwenye bati amepiga hatua. Ila bati tupu lisilo na dari, jua la saa saba mchana likilipiga, huweza kufikia nyuzijoto 60 na zaidi. Hapo huacha kuwa paa, huwa jiko lililoning'inizwa juu ya vichwa. Joto lake halihitaji kusafirishwa na hewa, hushuka moja kwa moja kama la moto wa kuni, na mwanafunzi hulipokea utosini hata kama dirisha limefunguliwa. Mvua ya masika ikianza, mwalimu hunyamaza, kwa sababu hakuna koo la mwanadamu linaloweza kushindana na bati.

Wakati skuli za vijijini zikijengwa kwa haraka hiyo, Dar es Salaam palikuwa pakifanyika jaribio la namna nyingine. Chuo Kikuu kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilima kilicho magharibi ya mji kinachopata upepo wa bahari. Kampuni ya Norman & Dawbarn ya London, iliyosanifu majengo ya mwanzo, ilikuwa imekwishajifunza Karibiani jinsi ya kujenga chuo kikuu katika nchi ya joto. Majengo ya awali yalikuwa marefu na membamba. Vyumba vilifunguka kwenye varanda, madirisha yakawa ya luva, saruji ikatokezwa nje kama ukope ili kulizuia jua lisigonge kioo, na mtu aliweza kutoka jengo hadi jengo chini ya kivuli. Ukumbi wa Nkrumah, ambao Watanzania wengi waliujua kwa kuuona nyuma ya noti ya shilingi 500 ya 2010, ni wa kizazi hicho.

Nyuma ya michoro ya namna hiyo kulikuwa na elimu kamili. Otto Koenigsberger, Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler na kufanya kazi India, aliongoza London idara ya usanifu wa nchi za joto iliyoanzishwa 1954. Kitabu alichokitoa na wenzake 1974 kilisomeshwa katika skuli nyingi za usanifu za Afrika. Mmoja wa wenzake hao, Steven Szokolay, alipata kufundisha Nairobi. Kwa mahali penye joto la unyevu, mafundisho yao yanaweza kukusanywa katika maneno machache: jengo liwe refu, uso wake uelekee kaskazini na kusini, lipate kivuli, na unene wake usizidi chumba kimoja ili upepo upenye pande zote mbili.

Chumba kimoja! Wataalamu walifika kwa hesabu pale ambapo boriti ya Rufiji iliwafikisha mafundi wa pwani kwa lazima. Tofauti ni kwamba chuma na saruji vilikuwa vimekwishavunja lazima hiyo. Nondo haijali upana. Huvuka mita 3, huvuka 10, huvuka 20. Kuanzia hapo wembamba ukawa uamuzi, na uamuzi ni kitu kinachoweza kusahauliwa.

Mlimani ya miaka ile ilikuwa na uhai wake. Ebrahim Hussein alikuwa huko, na tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, iliirudisha Ngarambe ya Rufiji na vita vya 1905 mbele ya hadhira ya wasomi. Wanafunzi walihesabika, vyumba vilitosha. Chuo kilipopata hadhi yake kamili tarehe 1 Julai 1970, hakuna aliyekuwa akiwaza makumi ya maelfu.

Makumi ya maelfu yalikuja. Jambo hili halina budi kufahamika kwa hesabu, maana mara nyingi joto la darasa husingiziwa jua peke yake. Mtu aliyekaa kimya anatoa joto la kiasi cha wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi 300 una, basi, wati 30,000 zinazotoka katika miili yao, kama kwamba mtu ameleta majiko 30 ya umeme ya kilowati moja na kuyawasha yote kabla mhadhiri hajafungua kinywa. Kila mmoja wao anatoa pia mvuke na hewa ya ukaa. Hewa isipobadilishwa, ukaa hujilimbikiza, na usingizi unaowashika wanafunzi saa nane za mchana hauna uhusiano mkubwa na ubwanyenye wala uvivu. Jengo lililochorwa kwa ajili ya watu 60 haliwi baya kwa sababu limechakaa. Huwa baya kwa sababu limebebeshwa watu 200, huku luva zikiwa zimeng'oka, na mahali pake pamewekwa kioo kisichofunguka.

Na huyo mwanafunzi astahili joto gani? Swali hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Kipimo kilichoenea duniani kilitolewa 1970 na Ole Fanger wa Denmark, aliyetumia majibu ya watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Denmark, waliokaa ndani ya vyumba maalumu vilivyofungwa wakiulizwa kama wanaona baridi au joto. Kwa miongo kadhaa majengo ya nchi za joto yalipimwa kwa ngozi za vijana hao. Michael Humphreys na Fergus Nicol wa Uingereza walipinga: watu waliozoea joto, wenye uhuru wa kufungua dirisha na kubadili nguo, huridhika na nyuzi za juu zaidi. Mwaka 2004 kanuni ya Marekani ilikubali hoja hiyo kwa majengo yanayopitisha upepo. Kwa mwezi ambao wastani wa joto nje ni nyuzi 27, kanuni hiyo huruhusu chumba kifike karibu nyuzi 30, na pangaboi likizunguka vizuri, mtu huhisi kama nyuzi mbili au tatu zimepungua. Kwa maneno mengine, katika sehemu kubwa ya mwaka darasa la pwani linaweza kuwa zuri bila kiyoyozi. Linalohitajika ni kivuli, dari chini ya bati, upenyo pande mbili, na nafasi baina ya mtu na mtu.

Hata hivyo kiyoyozi kisitukanwe bure. Uchunguzi uliochapishwa Marekani 2020, uliofuatilia mitihani ya wanafunzi milioni 10, ulionyesha kwamba katika skuli zisizo na viyoyozi kila nyuzi moja ya Fahrenheit iliyoongezeka katika mwaka wa masomo ilipunguza kujifunza kwa kiasi cha asilimia 1. Penye viyoyozi athari hiyo karibu ilitoweka. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018 ikiwa na nafasi ya wasomaji 2,100, haingeweza kulinda vitabu dhidi ya ukungu kwa luva peke yake. Karatasi nayo ina haki yake. Lawama iko kwingine: kwamba kiyoyozi kimekuwa udhuru wa kujenga sanduku la vioo linalotazama magharibi, kisha umeme ukikatika, watu wote wakatoka nje kama wanaokimbia moto.

Na umeme huo unatoka wapi? Rufiji, tena. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 katika korongo lililojulikana kama Stiegler, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Wa kwanza uliingiza umeme katika gridi ya taifa Februari 2024. Zamani mto huu ulipeleka miti ya kutia ubaridi katika vyumba vya Unguja, Kuwait na Dubai. Sasa unapeleka nguvu ya kuendesha viyoyozi vya Dar es Salaam. Biashara ya miti yenyewe ilikwisha. Mafuta yaliipa Ghuba saruji na chuma, na mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Tanzania ikafunga mikoko dhidi ya ukataji wa kibiashara, kwa sababu za msingi: msitu ule ndio kitalu cha kamba na samaki, na ndio ukuta wa ardhi dhidi ya bahari. Anayetaka leo kukarabati dari ya nyumba ya Mji Mkongwe kwa boriti anajua taabu ya kuzipata.

Watoto wa delta wamebaki na bati. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, Tanzania ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa miezi michache. Ni kazi kubwa, na mzazi ambaye mtoto wake alikuwa akikaa chini ya mwembe hana sababu ya kuibeza. Vyumba vilikuja kwa mchoro wa taifa, kama kawaida ya majengo hayo. Katika visiwa vya delta, saruji, nondo na bati hufika kwa mashua, kwa gharama inayozidi ile ya nchi kavu, hata kila upungufu wa fedha hukatwa pale pasipoonekana, yaani kwenye dari. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yaliyaingia madarasa kwa mlango, kwa kuwa hakuna darasa lililojengwa kama dungu.

Mchoro mmoja kwa nchi nzima una faida ya bei na ya usimamizi. Lakini nchi hii ina Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai umande huganda shambani na mwalimu hufunga madirisha ili watoto waweze kushika kalamu. Na ina Kibiti, ambako mwezi wa Februari mwalimu huyafungua yote na bado jasho huanguka juu ya daftari. Mlango wa darasa, kimo cha ukuta na umbo la madirisha ni yale yale. Mtu aliyekata boriti Salale miaka 100 iliyopita alijua kabla ya kushusha shoka lake kama mti ule unakwenda Unguja au Kuwait, na kwa nyumba ya aina gani.